Mama, Wewe Mwenyewe Umekunywa Maji?

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa Kaskazi unapovuma, ukanda wote wa pwani yetu, kutoka Mtwara na Lindi hadi Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba, huwa na joto kali. Mchana hufikia nyuzi 32 au zaidi, na usiku, ambao ndio tungetarajia utupe nafuu, mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24. Ukuta unatoa moto, bati linatoa moto, hata maji ya bomba hutoka yakiwa vuguvugu.

Katika msimu huu mama mwenye familia ana kazi nyingi kuliko kawaida. Ni miezi ya Krismasi na Mwaka Mpya, miezi ya harusi na wageni, ya watoto kuwa likizo na kisha kurudi shuleni mwezi Januari. Mama ndiye anayekumbuka kwamba mtoto mdogo hajanywa maji tangu asubuhi. Ndiye anayemhamisha bibi kutoka chumba cha joto na kumkalisha barazani penye upepo. Ndiye anayehakikisha kwamba baba akirudi kazini anakuta maji ya kuoga. Lakini ukimwuliza saa 9 mchana, "Mama, wewe mwenyewe leo umekunywa maji bilauri ngapi?" wengi watatabasamu tu, kwa sababu jibu ni kikombe kimoja cha chai ya asubuhi.

Makala hii inahusu afya ya familia nzima wakati wa joto, lakini tutaanza na mama. Akina mama wengi tumelelewa tukiamini kwamba kujisahau ndiyo sifa ya mke na mama mwema, na kwamba kulalamika joto au uchovu ni udhaifu wa imani. Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa linagharimu afya za wengi.

Joto linafanya nini mwilini?

Mwili wa mtu mwenye afya hukaa kwenye nyuzi 37 hivi, iwe ni Njombe kwenye baridi au Tanga kwenye jua. Joto la nje linapopanda, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, moyo hupiga haraka zaidi, nasi hutoka jasho. Watu wengi hudhani jasho lenyewe ndilo linalopoza mwili. Sivyo. Kinachopoza ni kukauka kwa jasho hilo.

Kila mama aliyewahi kutumia mtungi wa udongo anaielewa siri hii. Maji hupenya polepole kwenye ukuta wa mtungi, upepo unayakausha kwa nje, na yaliyobaki ndani yanakuwa ya baridi. Mtungi ukiwekwa mahali pasipo upepo na penye unyevu, haupozi vizuri. Mwili nao ni hivyo hivyo. Pwani hewa ina unyevunyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na mwili unazidi kupoteza maji na chumvi bila kupata nafuu. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar es Salaam huchosha kuliko nyuzi hizo hizo za Dodoma, ambako hewa ni kavu.

Mwili huzoea joto, lakini huhitaji wiki 1 hadi 2. Kwa hiyo mgeni anayeshuka kutoka Lushoto, Njombe au Mbeya kuja kula Krismasi Pwani asipelekwe jikoni kesho yake kukaanga vitumbua mchana kutwa. Mpe siku kadhaa azoee, na umhimize kunywa maji.

Siku moja ya mama

Tuitazame siku ya kawaida. Mama anaamka saa 11 alfajiri, anawasha jiko la mkaa, anachemsha chai, anafagia uwanja. Saa 2 anafua. Saa 4 anakwenda sokoni kwa miguu, au yuko kwenye meza yake ya nyanya na vitunguu. Saa 6, jua likiwa utosini, anarudi na kuinamia jiko kupika chakula cha mchana. Hapo joto la jua limeongezewa joto la moto. Akimaliza anawapakulia wote. Wakati wa kula, jagi la maji linazunguka, na linapomfikia yeye limekwisha. Anasema, "Nitakunywa baadaye." Baadaye kuna vyombo.

Kuanzia saa 10 jioni kichwa kinaanza kumgonga. Anakuwa na hasira, anawafokea watoto kwa jambo dogo. Usiku anatafuta vidonge vya maumivu. Wiki ikiisha amemeza vidonge vingi, kumbe sehemu kubwa ya tatizo lake ilikuwa kiu.

Tena kuna sababu nyingine ambayo akina mama hatuisemi hadharani. Wengi hawanywi maji kwa makusudi, ili wasihitaji choo. Mama wa sokoni anajua choo kilichopo ni kichafu, au ni cha kulipia, au kiko mbali na hana wa kumwachia biashara. Mwalimu ana vipindi mfululizo. Abiria wa basi la mkoani anaogopa kumsumbua dereva. Basi wanavumilia na kiu, kisha wanavumilia na mkojo. Mwanamke anayekunywa maji kidogo na kubana mkojo kwa muda mrefu anajiweka katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yanampata mwanamke kwa urahisi kuliko mwanamume. Dalili zake ni kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, kuhisi moto wakati wa kukojoa, na maumivu chini ya kitovu. Akipata na homa au maumivu ya kiunoni, awahi hospitali, maana huenda maambukizi yamepanda kwenye figo.

Tunywe maji kiasi gani?

Hakuna kipimo kimoja kwa watu wote. Mtu mzima kwenye joto huhitaji takribani lita 2 hadi 3 kwa siku, na zaidi akifanya kazi ngumu juani. Lakini kipimo kizuri kuliko vyote ni mkojo wako mwenyewe. Ukiwa na rangi ya njano iliyopauka, unakunywa vya kutosha. Ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, mwili unakuomba maji. Usingoje kiu, kwa sababu kiu huja ukiwa umeshachelewa.

Njia rahisi ni hii: kila asubuhi jaza chupa yako ya lita moja na nusu, iwe yako peke yako, na mtoto yeyote asiiguse. Iishe kabla ya saa 8 mchana, kisha uijaze tena. Kunywa kidogo kidogo siku nzima kuliko kunywa nyingi kwa mara moja. Mama wa sokoni anaweza kukubaliana na jirani yake wa meza ya pili, leo mimi nikulindie biashara uende msalani, kesho wewe unilindie.

Mungu ametupa pia matunda yanayolingana na msimu. Maembe, mananasi na matikiti hujaa sokoni wakati huu huu wa joto. Tikiti na tango ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Dafu lina maji na madini mazuri, ila mgonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa madini yake mengine yanaweza kumdhuru. Juisi ya ukwaju, ya ubuyu au ndimu ni nzuri ikiwa sukari si nyingi. Soda hazikati kiu ipasavyo, na sukari yake ni mzigo, hasa kwa mwenye kisukari. Na ikiwa unakunywa maji mengi lakini kiu haiishi, unakojoa sana na unapungua uzito, usilaumu Kaskazi. Nenda ukapime kisukari.

Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiasi cha maji walichoelekezwa na daktari. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu, hasa vile vinavyoongeza mkojo, asiache dawa kwa hiari yake kwa sababu ya joto. Amwone daktari, na amweleze ikiwa anapata kizunguzungu anaposimama.

Mama mjamzito na anayenyonyesha

Mwili wa mjamzito unafanya kazi ya watu wawili na unatoa joto zaidi. Watafiti katika nchi mbalimbali wameona kwamba joto kali huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo mjamzito anapoomba kupumzika saa 7 mchana, asionekane mvivu. Mawifi na mama mkwe mlioko nyumbani, hili ni lenu. Mchukulieni ndoo ya maji, mwondoleeni kazi ya jiko wakati wa jua kali, na mwacheni alale kwa ubavu mahali penye upepo. Akiona mtoto tumboni amepunguza kucheza, akiumwa kichwa kikali, akivimba uso au akitokwa na maji au damu ukeni, asingoje jioni ipoe. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Mama anayenyonyesha naye anahitaji maji zaidi kuliko wengine. Jiwekee desturi: kila unapokaa kunyonyesha, kikombe cha maji kiwe pembeni.

Na mtoto mchanga je? Hapa kuna kosa ambalo limeenea sana, na mara nyingi hutoka kwa wanaotupenda. Bibi anamwona mtoto wa miezi 3 amelegea kwa joto, anasema, "Mpe maji kidogo, koo limekauka." Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji, hata kwenye joto kali la Pwani. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6. Kumpa maji kunajaza tumbo lake dogo, kunapunguza kunyonya, na kunaweza kumletea kuharisha. Anachohitaji ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Mweleze bibi kwa heshima, na ikiwezekana nendeni naye kliniki akasikie kutoka kwa muuguzi.

Mtoto huyo asifunikwe mablanketi wala kuvalishwa soksi na kofia ya sufi mchana wa Januari. Nguo moja nyepesi ya pamba inamtosha. Vipele vya joto shingoni na mapajani hupona kwa kumwogesha kwa maji ya kawaida, kumkausha vizuri na kumwacha apate hewa. Mafuta mazito huziba vitundu vya jasho na kuzidisha vipele.

Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino awe macho maradufu. Ngozi yake haina kinga ya asili dhidi ya jua, na saratani ya ngozi huanza na kuungua kwa utotoni. Avae kofia pana na mikono mirefu, asicheze juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na apakwe mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya namna hiyo yanatengenezwa hapa hapa nchini katika hospitali ya KCMC, Moshi. Zungumza na mwalimu wake pia, ili asisimamishwe mstarini juani.

Mfungo wakati wa Kaskazi

Makanisa mengi huanza mwaka kwa siku za kufunga na kuomba, na Kwaresima nayo huanza Februari au mapema Machi. Yote mawili huangukia kwenye joto kali. Kufunga ni jambo jema na la kibiblia. Lakini kufunga bila maji huku unafua, unapika na kusimama kwenye maombi hadi usiku katika ukumbi uliojaa watu, kunahitaji hekima.

Mama mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kila siku na mzee aliyedhoofika wasifunge bila maji. Wanaweza kufunga kwa namna nyingine. Wapo wanaofunga nyama na vitamu, wapo wanaokula mlo mmoja na kuendelea kunywa maji, wapo wanaofunga televisheni na simu ili wapate saa za kuomba. Ongea na mchungaji au padre wako mapema. Mchungaji mwema atafurahi kwamba umeuliza. Na dada mwenzako akinywa maji katikati ya mfungo, usimtazame kwa jicho la kumhukumu, kwa kuwa hujui hali ya mwili wake.

Chakula na maji safi

Joto ambalo linatuchosha sisi linawafurahisha vijidudu. Chakula kilichopikwa saa 6 mchana na kuachwa mezani hadi saa 2 usiku si salama tena. Kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwekwa kwenye friji, na siku za joto kali ni afadhali isizidi saa moja. Wali hasa ni wa kuangaliwa, kwa sababu baadhi ya sumu zinazojitengeneza ndani ya wali uliolala haziondoki hata ukiupasha moto. Kama huna friji, au umeme unakatika mara kwa mara, pika kiasi kinachoisha. Katika sherehe, pilau lisipikwe usiku wa manane kwa ajili ya kuliwa saa 10 jioni.

Kipindupindu tunakijua. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa karibu nchi nzima. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, yafunike na kuyaweka kwenye chombo safi chenye bomba au mdomo mwembamba, ili mikono isiingie. Mkaa ukiwa adimu, tumia dawa ya kutibu maji inayouzwa madukani, au jaza chupa safi za plastiki zisizo na rangi kwa maji yasiyo na tope, uzilaze juani saa 6, au siku 2 mfululizo ikiwa kuna mawingu. Jua lile lile linalotuunguza linaua vijidudu.

Mtoto akiharisha, anza mara moja kumpa maji ya ORS, na endelea kumnyonyesha au kumlisha. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, weka vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge. Usizidishe chumvi, ni hatari. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, vimalize vyote hata kama ameacha kuharisha. Macho yakibonyea, akilia bila machozi, akilegea au akishindwa kunywa, usimalize dakika hata moja nyumbani.

Usiku wa joto

Usiku wa Kaskazi watu wengi hukunja chandarua kwa sababu kinazuia upepo. Wengine hutandika mkeka barazani. Mbu anawangoja. Badala ya kuacha chandarua, hamisha kitanda karibu na dirisha, weka wavu madirishani ili yawe wazi usiku, na ukilala nje fungia chandarua hapo nje. Mwagia maji sakafu ya saruji jioni, oga kabla ya kulala bila kujikausha sana, na ulalie kanga au shuka la pamba. Feni ikiwepo, iwekwe ipulize hewa ya nje kuingia ndani.

Tena yupo mbu anayeuma mchana, aletaye homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam iliipata kwa wingi mwaka 2014 na tena 2019. Huyu hapendi madimbwi ya taka, anapenda maji safi yaliyotulia. Mwishoni mwa 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua na maji yakawa ya mgawo jijini, kila nyumba ilijaza madumu na mapipa. Maji ya akiba ni lazima, lakini yafunike vizuri, na chombo kisichofunikwa kimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Ondoa vifuu, makopo na matairi uwanjani. Mtu akipata homa kali yenye maumivu ya viungo na nyuma ya macho, apimwe malaria na dengue. Kabla ya kupimwa apewe panado, si aspirini wala diklofenaki, kwa sababu hizo zinaweza kumsababishia kutokwa damu ikiwa ni dengue.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote ile. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Mavazi ya ibada na sherehe

Sare ya kwaya ya kitambaa kizito chenye bitana, tai, wigi na viatu vya kubana katika ibada ya saa 3 nzima ni mzigo mkubwa mwezi Februari. Akina mama ndio wanaochagua sare hizo na kuzishona. Tuchague pamba, ziwe na nafasi, za rangi iliyopauka, na heshima haitapungua. Tuwaombe wazee wa kanisa ibada ianze mapema, madirisha yafunguliwe yote, na ndoo ya maji safi yenye bomba iwekwe mlangoni. Watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe chini ya mwembe kuliko katika chumba chenye bati tupu.

Dalili za hatari

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mtoto wa mwanamke Mshunami. Alimfuata baba yake shambani kwa wavunaji, mara akaanza kulia kwamba kichwa kinamwuma. Baba akaagiza apelekwe kwa mama yake. Alikaa magotini mwa mama hadi adhuhuri, akafa, na Mungu akamrudishia uhai kwa mkono wa Elisha. Biblia haitaji ugonjwa wenyewe, lakini mavuno, jua na maumivu ya kichwa vimewafanya wasomaji wengi wafikirie joto. Baba hakuacha kuvuna. Mama ndiye aliyempakata, naye ndiye aliyetandika punda na kwenda mbio kutafuta msaada. Hadi leo ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, kwa hiyo mama azijue dalili.

Mtu aliyeanza kuzidiwa na joto huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, na kutokwa jasho jingi. Mwondoe juani, mlegezee nguo, mpe maji au ORS, apumzike. Kwa kawaida hupata nafuu ndani ya nusu saa.

Lakini akianza kuongea yasiyoeleweka, akiyumba kama mlevi, akidegedega, akizimia, au mwili ukiwa wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Anza kumpoza papo hapo. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu kwa kanga au kipande cha boksi. Barafu ikipatikana iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Usimnyweshe kitu ikiwa fahamu zimepotea. Panado haisaidii homa ya namna hii. Mtu mmoja atafute usafiri, wengine waendelee kumpoza hata ndani ya bajaji.

Wazee na watoto wadogo huzidiwa haraka. Mzee mara nyingi hahisi kiu kabisa, hivyo usimwulize kama anataka maji. Mpelekee. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kununua mkate.

Tupange siku upya

Mambo mengi tuliyoyataja hayahitaji fedha. Yanahitaji siku ipangwe upya. Maharage yapikwe alfajiri pamoja na chai, mchana yaungwe tu. Kufua kumalizike saa 3 asubuhi. Sokoni twende mapema au jioni. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana, nyumba nzima ipunguze kazi. Mvulana wa miaka 12 anaweza kuchota maji na kuosha vyombo kama dada yake. Baba anaweza kukaa na watoto saa moja ili mama alale. Kaa na mwenzako jioni moja, umweleze haya kwa upole, bila lawama. Waume wengi hawajui, kwa sababu hatujawahi kuwaambia. Sisi tumesema siku zote kwamba hatujachoka.

Na tusijidanganye kwamba kujichosha hadi kuanguka ndiyo ibada. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, nasi si mali yetu wenyewe. Yesu mwenyewe alichoka kwa safari, akaketi kando ya kisima wakati wa jua kali, na akamwomba mwanamke maji ya kunywa. Hakuona haya kusema ana kiu. Na Eliya alipokimbilia jangwani, akajilaza chini ya mti na kutamani kufa, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akampa mara ya pili, ndipo akaambiwa kwamba safari iliyo mbele yake ni ndefu.

Safari ya mama nayo ni ndefu. Kuna watoto wa kulea, mume wa kumsaidia, wazazi wa kuwatunza na kazi ya Bwana ya kuifanya, na Kaskazi ina miezi yake 4 kila mwaka. Kwa hiyo leo, wakati wa chakula cha mchana, jagi la maji likifika mezani, jimiminie bilauri yako kwanza, uinywe yote mbele ya watoto wako, hasa binti zako. Nao watajifunza kwamba mama ni mtu, na kwamba siku moja, wakiwa mama, watakuwa na ruhusa ya kunywa maji.